Kijitabu cha wazazi kwa kituo cha watoto Texas: kipi ni lazima, kipi ni hiari?

Tumaini_FW

Habari za huko wapendwa. Ninaandaa maombi ya leseni ya kituo cha kulelea watoto mchana, Fort Worth, Texas. Jengo ni la kupanga, si nyumbani kwa mtu. Watoto 40, kuanzia miezi 3 hadi miaka 5. Makaratasi mengi yamekamilika ila kijitabu cha wazazi ndicho kimenikwamisha. Ninacho cha kituo kimoja cha Minnesota, kurasa 46, kimepangwa vizuri sana, na wazo langu lilikuwa nibadili jina, anwani na bei, basi.

Wanaoijua kazi hii naomba mnisaidie. Kuna kosa gani nikitumia hicho hicho? Kanuni za Texas zinataka nini hasa kiwemo, na nini ameachiwa mwenye kituo? Na wazazi nitakaowahudumia wengi wametokea Kongo kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, Kiswahili ndicho wanachosoma kwa raha. Kijitabu kiwe cha Kiswahili, cha Kiingereza, au vyote viwili?

---

Kanuni746

Dada Tumaini, hicho cha Minnesota kiweke kando kabisa. Chukua mpangilio wake ukipenda, maneno yake usiyachukue.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa vituo vya watoto. Kila jimbo lina kanuni zake, na tofauti zimo kwenye mambo unayodhani ni yale yale. Minnesota inamhesabu mtoto kuwa mchanga mpaka anapofika miezi 16. Texas, mchanga ni tangu kuzaliwa mpaka mwisho wa mwezi wa 17, na anayeanza kutembeatembea ni miezi 18 mpaka 35. Minnesota mlezi mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya watoto 10 wa umri wa chekechea. Texas mlezi mmoja anaruhusiwa watoto 15 wa miaka 3, au 18 wa miaka 4.

Utasema, basi nikiandika 10 si nitakuwa bora zaidi? Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kituo chenye watoto 7 au zaidi nje ya makazi ya mwenye leseni kinaangukia Sura ya 746 ya kanuni za Texas, inayosimamiwa na HHSC, tume ya afya na huduma za jamii ya jimbo. Sura hiyo inamtaka mwenye leseni aandike taratibu za kituo na azitekeleze, na taratibu hizo zilingane na viwango vya chini au zivizidi. Sasa ukiandika uwiano wa 1 kwa 10, siku mlezi mmoja anaugua unabaki na watoto 14 kwa mtu mmoja. Kwa kiwango cha jimbo uko salama, kwa maandishi yako mwenyewe umevunja ahadi, na mzazi aliyetia saini ana haki ya kukuuliza. Andika unachoweza kukifanya siku mbaya ya wiki, siku ambayo watu wawili hawakuja kazini.

Uwiano wa Texas ndio huu. Miezi 0 hadi 11, mlezi 1 kwa watoto 4, na kikundi kisizidi 10 hata ukiongeza walezi. Miezi 12 hadi 17, 1 kwa 5, kikundi 13. Miezi 18 hadi 23, 1 kwa 9, kikundi 18. Miaka 2, 1 kwa 11, kikundi 22. Miaka 3, 1 kwa 15, kikundi 30. Miaka 4, 1 kwa 18, kikundi 35. Miaka 5, 1 kwa 22, kikundi 35. Angalia ile namba ya pili. Watu hukariri uwiano wakasahau kikomo cha kikundi, halafu wanaweka vichanga 12 na walezi 3 chumba kimoja wakidhani hesabu imetimia. Haijatimia.

Yaliyo lazima katika kijitabu ni mengi, ila karibu yote yanaanguka kwenye mafungu machache.

Fungu la kwanza ni uendeshaji: saa, siku na miezi mnayofungua, utaratibu wa kuandikisha mtoto, na namna wazazi watakavyojulishwa mkibadili taratibu. Halafu namna ya kumkabidhi mtoto anapochukuliwa. Halafu chakula. Halafu kusimamishwa na kuondolewa kwa mtoto. Hili la mwisho liandike kwa hatua: mzazi anaitwa lini, mnajaribu nini kwanza, nani anaamua. Sentensi ya "kituo kinaweza kumwondoa mtoto wakati wowote" haimwelezi mzazi utaratibu wowote.

Fungu la pili ni afya, na ndilo lenye kazi: ugonjwa gani unamzuia mtoto kuingia, dawa zinatolewaje au kauli kwamba kituo hakitoi dawa, dharura za matibabu, chanjo, upimaji wa macho na masikio, usingizi salama wa vichanga, dawa ya kufukuza wadudu na mafuta ya kukinga jua, na sera ya chanjo kwa wafanyakazi. Hiyo sera ya wafanyakazi ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu watu wanaona haimhusu mzazi. Iko kwenye orodha.

Fungu la tatu ni usalama: mpango wa maandalizi ya dharura, njia za kuzuia na kuripoti unyanyasaji wa watoto, na kifungu cha eneo lisiloruhusu magenge. Hicho cha magenge ni sheria ya jimbo: makosa fulani ya uhalifu wa kupangwa yakitendeka ndani ya futi 1,000 kutoka kituoni, adhabu inakuwa kali zaidi, na wazazi lazima waambiwe hivyo. Aya moja inatosha.

Fungu la nne ni haki za mzazi: jinsi ya kuzungumza na mkurugenzi, kushiriki shughuli za kituo, kusoma ripoti ya ukaguzi wa karibuni, kupata viwango vya chini mtandaoni, kuwasiliana na ofisi ya leseni ya eneo lenu, na simu ya jimbo ya kuripoti unyanyasaji, 1-800-252-5400. Pia haki ya mama kunyonyesha au kuleta maziwa aliyoyakamua mtoto akiwa kituoni.

Baada ya hapo kuna yanayoingia iwapo tu mnayafanya: usafiri, michezo ya maji, matembezi nje ya kituo, wanyama, ukaguzi wa afya ya mtoto anapofika asubuhi. Kama hamsafirishi watoto, andika mstari mmoja, "kituo hakisafirishi watoto," maana mzazi atauliza tu.

---

Mama_Darasa

Naongezea alipoishia Kanuni746 kuhusu haki za wazazi, kwa sababu hapo vijitabu vya kunakili ndipo vinapobeba sumu.

Tangu Septemba 2023 Texas ina sheria inayotaja haki za mzazi mwenye mtoto kituoni, na lazima apewe kwa maandishi yanayosomeka, si zaidi ya siku ya kwanza ya mtoto. Baadhi yake: kuingia kituoni saa za kazi bila kutoa taarifa, kuona kumbukumbu za mtoto wake, kupata nakala ya taratibu na kijitabu, kuona kumbukumbu za mafunzo ya wafanyakazi na mtaala wa mafunzo hayo unaotumika kituoni, kuangalia video iliyopo ya tukio linalodaiwa kuwa unyanyasaji wa mtoto wake, na kutolipiziwa kisasi anapotumia haki hizo.

Sasa pitia hicho cha Minnesota na kalamu nyekundu. Ukikuta "wazazi wasije saa ya usingizi" au "piga simu kabla ya kutembelea," futa. Unaweza kuomba, "tafadhali ingia kimya kati ya saa 6 na saa 8 mchana, watoto wamelala." Kumkataza huwezi. Ukikuta "malalamiko yote yaletwe kwanza kwa mkurugenzi kabla ya kwenda serikalini," futa pia. Mwalike aje kwako, lakini njia ya kwenda ofisi ya leseni iwe wazi kwenye ukurasa ule ule.

Kuhusu ugonjwa, usiandike tu "mtoto mwenye homa asije." Andika namba na kipimo kilivyochukuliwa. Kanuni inamzuia mtoto mwenye zaidi ya 101 kwa kipimo cha mdomoni, au zaidi ya 100 kwa kipimo cha kwapani au sikioni, ikiambatana na mabadiliko ya tabia au dalili nyingine. Hizo ni digrii za Fahrenheit. Mzazi aliyezoea Selsiasi anajua 38, hajui 101, kwa hiyo andika zote mbili: 101 ni 38.3, na 100 ni 37.8. Kwa walio chini ya miezi 6 kipimo cha sikioni hakishauriwi. Halafu kuna dalili zinazozuia peke yake: kupumua kusiko kwa kawaida, kuhara kusikozuilika, kutapika mara 2 au zaidi ndani ya saa 24, vipele pamoja na homa, vidonda vya mdomoni pamoja na kutokwa udenda, uchovu wa kupita kiasi. Na hata bila homa, mtoto asiyeweza kushiriki shughuli za siku kwa raha, pamoja na kucheza nje, anatakiwa arudi nyumbani. Mzazi anayefanya kazi zamu ya kiwandani atauliza "si hana homa?" Kijitabu kiwe kimeshamjibu.

Upande wako nawe una wajibu. Mtoto au mfanyakazi akipata ugonjwa wa kuambukiza ulio kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa ya jimbo, wazazi wote wapate taarifa ya maandishi ndani ya saa 48 tangu ujue. Chawa wakiingia kwenye kikundi, taarifa hiyo hiyo kwa wazazi wa kikundi hicho. Majina hayatajwi.

Dawa: mzazi aidhinishe, na idhini haidumu zaidi ya mwaka mmoja. Dawa iwe kwenye chombo chake cha asili, jina kamili la mtoto na tarehe vikiwa juu yake, isiwe imepitwa na muda, na dozi isizidi iliyoandikwa kwenye lebo. Kila inapotolewa, mlezi anaandika jina la mtoto, jina la dawa, tarehe, saa, kiasi, na jina lake mwenyewe kwa ukamilifu. Kwa wazazi wetu sema wazi: dawa ya mitishamba iliyoletwa kwenye chupa ya soda haitapewa mtoto hapa, na dawa yenye lebo ya lugha ambayo mlezi haisomi, hawezi kuifuata. Kusema hivyo mapema kunaepusha aibu ya mlangoni.

---

Tumaini_FW

Mungu awabariki. Naona nilikuwa naelekea shimoni.

Mambo mawili yananitia wasiwasi kwa wazazi wangu. Kwanza nidhamu: najua watakaoniambia "mchape tu, mimi mama yake nimekuruhusu." Je, nikiwa na ruhusa ya maandishi? Pili, akina mama wenye vichanga wanataka mtoto afungwe vizuri kwenye kanga au blanketi ndipo alale. Naandikaje bila kuwavunjia heshima?

---

Kanuni746

La kwanza halina mjadala. Ruhusa ya mzazi, ya mdomo au ya maandishi, haikupi haki ya kumchapa mtoto kituoni. Na zuio halikomei kwenye fimbo. Kanuni inataja kumfinya, kumtikisa, kumng'ata, kumpiga kwa mkono au kitu, kumwekea kitu mdomoni au juu ya mdomo (pilipili imo humo), kumdhalilisha, kumdhihaki, kumfokea, kumtukana, kumfungia chumbani, chooni au mahali pa giza, kumwadhibu kwa chakula au usingizi, kumwadhibu kwa ajili ya kujifunza kwenda chooni, na kumtaka akae kimya au bila kusogea kwa muda usiofaa umri wake. Kumkalisha pembeni kunaruhusiwa, kwa muda mfupi, mlezi akimwona, na isizidi dakika 1 kwa kila mwaka wa umri. Wa miaka 3, dakika 3.

Kanuni hizi ziko Sehemu L ya Sura ya 746, na unaruhusiwa kuitumia sehemu hiyo yenyewe kama sera yako ya nidhamu. Mimi ningeshauri uiweke nzima kwa Kiingereza, kisha chini yake kwa Kiswahili uandike mnachofanya badala ya kumchapa: mtoto aking'ata mwenzake, mlezi anafanya nini kwanza, anasema nini, mzazi anaambiwa saa ngapi. Orodha ya makatazo peke yake inamwacha mzazi akidhani mtoto ataachiwa tu.

La pili, usingizi. Texas wana Fomu 2550, sera ya usingizi salama kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi 12. Ichukue kama ilivyo, mzazi atie saini. Mtoto analazwa chali. Kitanda kitupu: godoro gumu kiasi na shuka moja iliyobana. Hakuna mto, blanketi, mwanasesere wala kanga. Kichwa na uso visifunikwe. Kumfunga kwa nguo ni mpaka kuwe na fomu maalumu iliyojazwa na mtaalamu wa afya. Akisinzia kwenye kiti cha gari au bembea, anahamishiwa kitandani mara moja. Mtoto anayeweza kujigeuza mwenyewe, unamlaza chali, kisha akigeuka unamwacha alale anavyopenda.

Kuhusu heshima, anza na sababu. Nguo iliyolegea inaweza kumfunika pua, na mtoto wa miezi 3 hana nguvu ya kuiondoa. Mama akijua hilo haoni kwamba kanga yake imedharauliwa. Kisha mpe njia mbadala: kama anaogopa baridi, alete vazi la kulalia la kipande kimoja lenye kufunika miguu. Kanga ibaki kwenye mfuko wa mtoto kwa safari ya kurudi nyumbani.

---

Tafsiri_Safi

Mimi nijibu la lugha, kwa sababu kijitabu kibovu cha Kiswahili ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Tengeneza vyote viwili. Cha Kiingereza ndicho mkaguzi atakachosoma na kukilinganisha na Sura ya 746, kwa hiyo kikamilishe kwanza, kisha tafsiri kutoka hicho, namba za vifungu zikiwa zile zile. Ukibadili kifungu cha 12 cha Kiingereza, unajua pa kwenda kwenye Kiswahili. Matoleo mawili yasiyolingana namba ndani ya mwaka yanakuwa vijitabu viwili tofauti. Na ukurasa wa saini uonyeshe mzazi amepokea lugha gani, toleo la tarehe gani.

Mitego ya Kiswahili niliyoiona inarudiarudia:

Saa. Ukiandika "tunafunga 6:00," kuna atakayesoma saa sita mchana. Ukiandika "saa 12 jioni," anayesoma saa ya Kiingereza anachanganyikiwa. Aliyesoma Kongo amezoea 18h00. Andika zote tatu kwenye mstari mmoja: saa 12 jioni, yaani 6:00 p.m., 18h00. Faini ya kuchelewa ikianza kudaiwa hutaki ubishi wa saa ipi iliyokusudiwa.

Tarehe. Kadi ya chanjo ya kambini imeandikwa siku kwanza, mwezi baadaye. Kadi ya Marekani ni mwezi kwanza. 04/07/2023 kwa mmoja ni tarehe 4 Julai, kwa mwingine ni tarehe 7 Aprili. Kwenye chanjo zinazohesabiwa kwa nafasi kati ya dozi na dozi, miezi mitatu ya kosa inaweza kufanya dozi halali ionekane imetolewa mapema mno. Kwenye kijitabu waombe wazazi walete kadi ya asili, na ninyi mnaponakili andikeni mwezi kwa herufi.

Neno "mlezi." Kwa Kiswahili mlezi ni mfanyakazi wa kituo, na mlezi pia ni shangazi anayeishi na mtoto wa marehemu dada yake. Kwenye fomu ya saini utata huo haukubaliki. Chagua: "mhudumu" kwa mfanyakazi, "mlezi wa kisheria" kwa mwenye mamlaka juu ya mtoto, na ushikilie hivyo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mtoto mchanga." Kwa mama wa kwetu mtoto wa miezi 15 anayekimbia si mchanga tena. Kwa kanuni ya Texas bado ni mchanga. Andika miezi, usitegemee neno.

Sehemu ya nidhamu usiipe kichwa cha "Adhabu." Wafasiri wengi wanafanya hivyo, na mzazi anafungua akitarajia kusoma mtoto ataadhibiwaje. "Kumwelekeza mtoto" au "Nidhamu na malezi" inafaa.

Halafu suala la kumchukua mtoto, hapa ukoo wetu na fomu ya Marekani hazisemi lugha moja. Mama mdogo ni mama. Baba mkubwa ni baba. Mtoto ataambiwa "baba yako kaja" na atakimbia kumkumbatia, wala hadanganywi. Pia mtoto, mama na baba wanaweza kuwa na majina ya mwisho matatu tofauti, maana kwa Wakongo wengi mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mhudumu anayekagua kwa kulinganisha jina la ukoo atamkatalia mzazi halali na kumruhusu asiyehusika. Andika hivi: "Mtoto atakabidhiwa kwa mtu ambaye jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho chenye picha, limeandikwa na mzazi kwenye fomu ya kuandikishwa. Uhusiano wa kindugu peke yake hautoshi." Na utenganishe mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura na mtu wa kumchukua mtoto. Mzazi anaweza kutaka jirani apigiwe simu bila kutaka aondoke na mtoto.

Baba na mama wakikosana, mmoja hawezi kukuagiza kwa mdomo umnyime mwenzake mtoto. Kijitabu kiseme: leta nakala ya amri ya mahakama, tutaifuata.

---

Hesabu_na_Ada

Kwa ufupi upande wa pesa. Sura ya 746 haipangi ada yako. Bei, amana, faini ya kuchelewa, notisi ya kumtoa mtoto, malipo ya siku za sikukuu, hayo ni mkataba kati yako na mzazi, na ndiyo maana yanatakiwa yaandikwe kwa namba kavu kuliko sehemu nyingine yoyote. "Faini ndogo itatozwa" haidaiki. Andika dola ngapi, kwa kila dakika ngapi, inaanza kuhesabiwa lini, inalipwa lini. Weka ada kwenye karatasi ya mwisho inayojitegemea, ili bei ikipanda ubadili ukurasa mmoja badala ya kijitabu kizima.

Ukitaka kupokea watoto wanaolipiwa ruzuku kupitia Workforce Solutions, ofisi za ajira zinazosimamia ruzuku hiyo, ujue kituo kinatakiwa kiingie kwenye mfumo wa ubora wa Texas Rising Star, na mzazi ana sehemu yake ya kulipa pamoja na wajibu wa kuandika mahudhurio. Mweleze hayo kwenye ukurasa huo huo wa ada. Wengi wanadhani ruzuku inafuta kila kitu, kisha wanashangaa bili ya mwezi wa pili.

Bima nayo: jimbo linataka bima ya dhima isiyopungua dola 300,000 kwa kila tukio la uzembe. Usipoipata kwa sababu zinazokubalika, lazima wazazi waambiwe kwa maandishi kwamba kituo hakina.

---

Mama_Darasa

Mawili nilisahau. Chakula: mtoto asikae zaidi ya saa 3 mfululizo bila kupewa mlo au kitafunwa, isipokuwa amelala. Kama wazazi ndio wanaoleta chakula, mkataba wa kuandikishwa uwe na kauli iliyotiwa saini kwamba mzazi anawajibika kwa mahitaji ya chakula ya mtoto kwa siku. Bila kauli hiyo wajibu unabaki kwako. Mtoto mwenye mzio wa chakula awe na mpango wa dharura uliosainiwa na mtaalamu wa afya na mzazi.

La pili, mpango wa dharura. Usiandike moto tu. Texas ilipata mafuriko ya kimbunga Harvey Agosti 2017 na baridi kali iliyokata umeme Februari 2021, mbali na vimbunga vya nchi kavu vya kila mwaka huko kaskazini kwenu. Mpango uwe na njia tatu: kuhama jengo, kuhamia mahali pengine palipotajwa kwa anwani, na kujifungia ndani. Ueleze vichanga wasiotembea wanabebwaje, na nani anatoka na karatasi za mawasiliano ya wazazi na idhini za matibabu. Zoezi la moto ni kila mwezi, na watoto wawe wametoka ndani ya dakika 3. Kwa mzazi kinachohitajika ni kifupi: tutakuwa wapi, tutakupigia kwa namba ipi, usije jengo la zamani. Anwani ya mahali pa kuhamia ndiyo inayokosekana mara nyingi. Nenda ukazungumze na wenye hilo jengo kabla hujaliandika.

---

Tumaini_FW

Nimefuta cha Minnesota. Swali la mwisho: nikishapata leseni, nikabadili jambo, lazima nikusanye saini upya? Na kwa mzazi asiyejua kusoma?

---

Kanuni746

Mabadiliko yanatangazwa kwa maandishi kwa wazazi na wafanyakazi, na wapewe kabla hayajaanza kutumika. Usitegemee tangazo la ukutani wala ujumbe wa WhatsApp peke yake. Chapisha karatasi ya kifungu kilichobadilika, tarehe juu, mzazi asaini kupokea, iingie kwenye faili la mtoto pamoja na Fomu 2935 ya kuandikishwa. Mkaguzi huja bila taarifa, angalau mara moja kwa mwaka, na huchukua mafaili machache ya watoto kuyapitia. Faili lenye saini ya toleo la zamani huku ukutani kuna toleo jipya ni kasoro inayoonekana kwa dakika moja, na matokeo ya ukaguzi huwekwa mtandaoni ambako mzazi yeyote anasoma.

Ukianza utapewa leseni ya awali ya miezi 6, inayoweza kuongezwa mara moja, na katika kipindi hicho utakaguliwa watoto wakiwapo. Usichapishe nakala 200 za rangi. Chapisha 50 za kawaida, kwa sababu miezi hiyo ndiyo utakayogundua vifungu vinavyogongana na siku zako halisi.

Kwa mzazi asiyesoma, tenga dakika 40. Msomee kwa Kiswahili mafungu matano: kumchukua mtoto, ugonjwa, dawa, nidhamu, usingizi wa kichanga kama anaye. Baada ya kila fungu mwombe akueleze kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?" maana kwa adabu atasema ndiyo. Muulize, "Mama, mdogo wako akija kumchukua na jina lake halimo kwenye fomu, sisi tutafanya nini?" Akijibu sawasawa, ndipo atie saini, na aliyemsomea aandike jina lake, tarehe na lugha iliyotumika chini ya saini hiyo.

---

Tafsiri_Safi

Dada Tumaini, na wanaotokea upande wa Kivu na Katanga, wasomee mtu anayezungumza Kiswahili chao. Neno likiwa geni kwao watanyamaza kwa heshima. Kabla ya kuchapa, mpe rasimu mama mmoja wa huko aisome kwa sauti, na kila anaposita weka alama, ubadili neno hilo.